Kujihesabu Mwisho wa Likizo: Mwongozo Kamili wa Kupitia Malengo Uliyojiwekea

Kila mwanzo wa Januari, wanafunzi ninaowasomesha jioni hapa Lamu huniletea ukurasa wa tathmini ya malengo yao ya likizo, na kila mwaka kurasa nyingi hunijia na sentensi zile zile mbili: "Sikutimiza yote kwa sababu nilikuwa mvivu. Mwaka huu nitajitahidi zaidi, inshallah." Nimewaeleza mara nyingi kuwa hiyo si tathmini bali ni hukumu iliyotolewa kabla ya mashahidi kusikizwa. Kwa kuwa maelezo ya mdomo yameonekana hayatoshi, nimeyaandika hapa hatua kwa hatua.

Likizo ninayoikusudia ni ile ndefu, inayoanza mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba na kumalizika Januari. Anayesoma Ulaya au Marekani, ambaye likizo yake ndefu ni ya kiangazi cha huko, anaweza kuufuata mwongozo huu vile vile; akumbuke tu kwamba yeye hurudi nyumbani wakati wa kusi, bahari ikiwa imechafuka, na kwamba lengo kama la kujifunza kuendesha mashua halipimwi Julai kama linavyopimwa Januari.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Orodha ya malengo kama ulivyoiandika siku ya kwanza, hata ikiwa ni kipande cha karatasi kilichochanika.
- Daftari jipya, au kurasa sita tupu za daftari la zamani. Usitumie simu, kwa kuwa simu ina njia mia za kukutoa kwenye kazi.
- Kalamu mbili za rangi tofauti.
- Kalenda ya ukutani ya miezi ya likizo. Ikiwa ni ile yenye tarehe za Kiislamu na za kawaida pamoja, ni bora zaidi.
- Ushahidi wote uliopo: madaftari ya mazoezi, vitabu ulivyovisoma, msahafu wenye alama zako, picha za simu zenye tarehe, jumbe za M-Pesa.
- Mtu mzima mmoja wa nyumbani aliyekuona siku nyingi za likizo.

Wakati na mahali

Tenga vikao viwili vya saa moja na nusu kila kimoja, katika siku mbili tofauti, angalau siku nne kabla ya kurudi shule. Kikao cha kwanza ni cha kukusanya na kuhesabu, cha pili ni cha kutafuta sababu na kuamua. Ukiviunganisha, uchovu wa hesabu utakufanya uandike sababu ya kwanza inayokujia kichwani, na aghalabu sababu hiyo huwa ni "uvivu".

Kazi hii haifanyiki ndani ya boti ya kuvukia Mokowe, upande wa bara, sanduku likiwa miguuni. Wala haifanyiki dakani, kwenye baraza ya mlangoni, kwa kuwa kila apitaye atatoa salamu, na salamu za Lamu haziishi kwa neno moja. Chagua chumba cha ndani, baada ya sala ya Alfajiri, kabla nyumba haijachangamka.

Hatua ya 1: Nakili malengo kama yalivyokuwa

Andika kila lengo kwa maneno yale yale ya siku ya kwanza, hata ikiwa sasa yanakuaibisha. Ikiwa uliandika "kujua Hesabu yote", andika hivyo hivyo.

Kumbukumbu ya binadamu hujipinda kufuata matokeo, na ndiyo sababu ya kunakili kwanza. Mwanafunzi aliyesoma vitabu viwili hujikuta akiamini kwa dhati kwamba lengo lake lilikuwa "vitabu viwili au vitatu", ilhali karatasi inasema vitano.

Ikiwa orodha imepotea, iandike upya kwa kadiri unavyokumbuka na uweke juu yake neno "kwa kumbukumbu". Kisha umwulize mtu uliyemwambia malengo hayo wakati ule. Ikiwa hukumwambia yeyote wala hukuandika popote, basi hukuwa na malengo bali matamanio. Anza na hatua ya 6, kisha utumie hatua ya 8 kujiandikia malengo ya kweli.

Utajua umefaulu ukiwa na ukurasa mmoja wenye malengo yote na hakuna hata moja ulilolirekebisha.

Hatua ya 2: Kila lengo lipe mwanzo, mwisho na kipimo

Chora safu tatu mbele ya kila lengo: nilikuwa wapi siku ya kwanza, nilitaka kufika wapi, na nitahesabu nini. Safu ya kwanza ndiyo inayosahauliwa zaidi, na bila yake mtu hujisifu kwa mali aliyokuja nayo.

Malengo kama "kuboresha Kiingereza" hayana cha kuhesabiwa, nawe usiyalazimishe. Weka alama ya duara na uandike pembeni kitu kimoja unachoweza kukionyesha: insha tatu, au mazungumzo na wageni kwenye gati. Ukikosa hata hicho kimoja, andika "halikuwa na kipimo" na uendelee. Hilo nalo ni jibu.

Chagua kipimo kinacholingana na uzito wa kazi. Hili nitalifafanua kwa mfano katika hatua ya 4, kwa maana hapo ndipo wengi wanapojidanganya bila kukusudia.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi kwenye kalenda

Chukua kalenda na kalamu ya rangi ya kwanza. Kwa kila lengo, tia nukta kwenye kila siku ambayo una ushahidi kwamba ulilifanyia kazi. Kisha, kwa rangi ya pili, andika kwa ufupi matukio yaliyozichukua siku nzima: harusi, safari, ugonjwa, mgeni, msiba.

Siku usiyoikumbuka iache tupu. Usiijaze kwa kukisia, kwa sababu makisio huelekea kukupendelea siku ukiwa na furaha na kukuonea siku ukiwa na huzuni.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na siku za likizo ni mali ya namna hiyo hiyo. Mwanafunzi anayeweka akiba ya kuuza barafu za ukwaju nyumbani hufungua kopo, akakuta shilingi 1,150 badala ya 3,000, akasema biashara haikulipa. Akiulizwa, hukumbuka kwamba alitoa pesa za sukari, akamkopesha kaka, akanunua viatu vya sikukuu. Aliuza vizuri, kilichokosekana ni daftari. Kwa lengo la pesa, kwa hiyo, andika namba mbili: zilizoingia na zilizobaki.

Hatua ya 4: Hesabu, na uhesabu kitu kinachostahili

Tumchukue mwanafunzi wa kubuni, msichana wa sekondari wa mtaa wa Langoni, ambaye likizo yake ilianzia Novemba 1 hadi Januari 2, yaani siku 63. Lengo lake moja lilikuwa kumaliza kuhifadhi juzuu ya thelathini ya Qurani, Juzuu Amma, akianzia sura fupi za mwisho na kupanda juu kama ilivyo desturi ya chuoni, yaani madrasa.

Leo amefika Al-Fajr. Juzuu hiyo ina sura 37, naye anazo 26, kwa hiyo anaandika "asilimia 70" na kufurahi. Hesabu hiyo ina makosa mawili.

Kosa la kwanza ni la mwanzo. Siku ya kwanza ya likizo alikuwa tayari amehifadhi kutoka An-Nas hadi Adh-Dhuha, sura 22. Likizo hii ameongeza nne tu: Al-Layl, Ash-Shams, Al-Balad na Al-Fajr.

Kosa la pili ni la kipimo, kwa kuwa sura hazilingani. Al-Kawthar ina aya 3 na An-Naziat ina aya 46, nazo zote mbili huhesabiwa kuwa sura moja moja. Juzuu nzima ina aya 564. Alipoanza likizo alikuwa nazo 157. Zilizobaki zilikuwa 407. Sura nne alizoongeza zina aya 86. Kwa hiyo, katika kazi aliyojipa, amefanya aya 86 kati ya 407, ambayo ni kama sehemu moja ya tano.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukata tamaa, wakafunga daftari na kuandika ile sentensi ya uvivu. Usifunge. Nenda kwenye kalenda na uhesabu nukta.

Kalenda yake ina nukta 29 za kuhifadhi. Aya 86 kwa siku 29 ni takriban aya 3 kwa siku aliyoketi, na hiyo ndiyo kasi yake halisi. Siku zilizokosa nukta ni 34: saba zilikwenda kwa harusi ya binamu, tisa alikuwa Faza kwa shangazi yake, nne aliugua homa, na 14 zilizobaki hazina maelezo yoyote.

Sasa upungufu wake wa aya 321 unagawanyika. Siku 14 tupu, kwa kasi ya aya 3, ni aya 42. Siku 20 za harusi, safari na homa ni aya 60. Zinazobaki, aya 219, hazikuwezekana hata kama angeketi kila siku bila kukosa, kwa maana lengo lilidai zaidi ya aya 6 kwa siku ilhali kasi yake ni 3.

Uvivu aliotaka kujitwisha wote, basi, unabeba aya 42 kati ya 321. Ni hesabu ya makadirio, kwa sababu kasi ya kuhifadhi hupanda na kushuka, lakini inatosha kuonyesha kwamba mzigo mkubwa ulikuwa kwenye lengo lenyewe, tangu siku lilipoandikwa.

Tahadhari moja: kabla ya kuandika aya 86, msomee mwalimu wako wa chuo sura zote nne bila msahafu. Kilichohifadhiwa Novemba bila murajaa, yaani kurudiarudia, huenda Januari hakipo tena, na kuhesabu kilichokwisha kupotea ni sawa na kuhesabu samaki aliyechomoka nyavuni. Kwa masomo ya shule, fanya vivyo hivyo: chagua maswali matano ya mada uliyosoma wiki ya kwanza na uyajibu bila kitabu.

Ukimaliza hatua hii ipasavyo, kila lengo litakuwa na namba tatu: kilichofanyika, siku kilipofanyika, na kasi yake. Funga kikao cha kwanza hapo. Usiendelee siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Tafuta sababu bila kutumia neno "uvivu"

Katika kikao cha pili, chukua kila lengo ambalo halikufika na ujibu maswali manne haya kwa maandishi, kwa sentensi nzima.

Je, lengo lilikuwa kubwa kupita kasi yangu? Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na si la watoto peke yao. Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza mwaka 1979, wakionyesha kwamba watu hukadiria kazi zao kana kwamba hakuna kitakachotokea katikati. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa chuo kikuu waliulizwa wangemaliza tasnifu zao baada ya siku ngapi. Kwa wastani walikisia siku 33.9, na wakamaliza kwa siku 55.5. Hao walikuwa wakiifahamu kazi yao.

Je, siku zilikwenda wapi? Harusi za likizo si ajali. Tarehe hujulikana mapema, na kwa msichana wa Lamu harusi ya ndugu si ya jioni moja bali ni siku kadhaa za hina, mapishi na wageni. Kinachojulikana Novemba kingeondolewa kwenye hesabu Novemba. Ni homa tu ambayo haikuweza kutabirika.

Je, saa niliyoichagua ilikuwa yangu? Angalia nukta zilikoanguka. Wengi hupanga kusoma baada ya Alasiri, ambayo ndiyo saa ya kukaanga viazi karai na bajia, ya kutumwa dukani, na kwa wavulana ya mpira. Mwanafunzi anayesema hana nidhamu mara nyingi ana ratiba inayogombana na nyumba nzima, na nyumba nzima haishindwi.

Je, lengo lilikuwa langu? Lengo ulilolinakili kwa rafiki, au ulilolitia ili baba aone orodha ndefu, hukosa nukta tangu wiki ya pili. Liandike kwa ukweli. Ukurasa huu ni wako, na mzazi akitaka kuusoma aombe ruhusa, maana mtoto anayejua kuwa daftari lake litakaguliwa huandika uongo mzuri.

Ninakataza neno "uvivu" kwa sababu halisemi ufanye nini kesho. Kwa sababu hiyo hiyo nakataza "haikujaaliwa". Yanayojaaliwa tunayaamini sote, ila hapa tunaulizwa kuhusu nukta 14 zilizokosekana.

Ukikutana na lengo la mazoea, kama kuamka mapema kila siku au kuweka simu mbali usiku, usiliandike kuwa limeshindwa kwa haraka. Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walikuta kwamba jambo jipya lilichukua takriban siku 66 kuwa mazoea kwa mtu aliye katikati ya kundi, na kwamba kati ya mtu na mtu tofauti ilikuwa kubwa, kutoka siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Likizo nzima ni siku 63. Aliyeanza katikati ya Desemba hajafeli, hajafika tu. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi yote.

Hatua ya 6: Andika yasiyokuwa kwenye orodha

Tumia dakika kumi kuandika mambo uliyoyafanya bila kuyapanga: kumwuguza bibi, kujifunza kusuka ukili Matondoni, kumsaidia mjomba kupaka mashua rangi. Haya hayafidii malengo yaliyokosekana, kwa hiyo yasichanganywe nayo. Yanaonyesha tu siku zilikwenda wapi, na mara nyingine yanaonyesha unachokipenda kuliko ulichokiandika.

Hatua ya 7: Muulize mtu mmoja

Mwendee mtu mzima uliyemchagua wakati hana shughuli, umwombe dakika chache, na umwulize maswali yenye jibu la kuonekana kwa macho. Usimwulize, "Je, nimefanya vizuri?" kwani atakupa moyo na hutajifunza kitu. Mwanafunzi wangu mmoja alimwuliza mama yake, "Mama, naomba uniambie, likizo hii ulikuwa ukiniona nikisoma saa ngapi?" Mama akajibu, "Mwanangu, kufungua kitabu nilikuona kila siku. Kukigeuza ukurasa sikukuona."

Alicheka siku hiyo, lakini jibu hilo lilimsaidia kutambua kwamba nukta zake za Hesabu zilikuwa nukta za kuketi. Sikiliza bila kujitetea, sema ahsante, kisha urekebishe kalenda.

Hatua ya 8: Amua kila lengo linakwenda wapi

Kila lengo litapata neno moja kati ya manne: liendelee, lipunguzwe, lingoje, liondolewe. Kuondoa lengo si aibu. Kulibeba kwa mwaka wa tatu bila nukta hata moja ndiko kunakochosha orodha.

Yatakayoendelea au kupunguzwa yasizidi matatu, na kila moja lipewe kasi uliyoipima mwenyewe wala si ile unayoitamani. Msichana wetu ana aya 321 zilizobaki. Muhula wa kwanza una wiki 13 hivi, na shuleni muda ni mfinyu, kwa hiyo ajipe aya 5 kwa wiki pamoja na murajaa. Kwa kasi hiyo atamaliza Al-Ghashiya, Al-Ala na At-Tariq, ambazo jumla yake ni aya 62, kabla ya likizo ya Aprili. Inaonekana kidogo. Ni kidogo kinachowezekana.

Kisha lifunge kila lengo na tukio ambalo hutokea tu, kwa mtindo wa "ikiwa hivi, basi hivi". Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba mpango wenye saa, mahali na tendo hutekelezwa zaidi kuliko nia ya jumla. Andika: "Nikimaliza sala ya Alfajiri, nitabaki papo hapo na kurudia aya za jana kabla ya kusimama." Usiandike: "Nitajitahidi asubuhi."

Andika pia kizuizi kimoja unachokijua na jibu lake: "Ikiwa bwenini taa zitazimwa kabla sijamaliza, nitarudia zile nilizohifadhi gizani, bila msahafu."

Hatua ya 9: Ukurasa wa kwenda nao shule

Chukua karatasi moja na uandike upande mmoja tu. Juu iwe tarehe. Chini yake malengo yasiyozidi matatu, kila moja na mistari minne: nilipo leo, nitakapofika na lini, kasi yangu iliyopimwa, na sentensi ya "ikiwa". Mwisho andika tarehe ya kulipitia tena, katika wiki ya kwanza ya likizo ya Aprili.

Mpe mtu asiyejua lolote kuhusu likizo yako, kwa mfano mwenzako wa bwenini, aisome kwa dakika moja. Akiweza kukuambia wewe utafanya nini Jumatatu asubuhi, ukurasa umekamilika. Asipoweza, rudi hatua ya 8 kwenye lile lengo alilokwama.

Ubandike ndani ya jalada la daftari la Hesabu, ambalo hufunguliwa karibu kila siku. Kurasa nyingine za hesabu na kalenda yenye nukta viache nyumbani, mahali ambapo mama hatavitumia kufungia mahamri, kwa sababu Novemba ijayo, kabla ya kuandika orodha mpya, kitu cha kwanza utakachokihitaji ni ile kasi ya aya 3.